Ngoma Iliyopigwa Marufuku, Ngoma Inayofundishwa Shuleni

Wako miongoni mwetu, maafisa kwa askari, ambao wakisikia kwamba mtoto wa sekondari ametumia saa mbili za mchana wa Jumamosi akijifunza kucheza ngoma, hutikisa kichwa na kusema kwamba karo imepotea bure. Nimeyasikia maneno hayo katika bwalo la maafisa, na nimeyasikia pia chini ya mwembe ambapo askari hungojea gari la kuwapeleka zamu. Siwalaumu wayasemao. Mzazi anayelipa karo kutoka katika mshahara wa koplo anayo haki ya kuuliza kila saa ya mtoto wake imekwenda wapi. Hata hivyo, leo nataka kuwachukua wasomaji wa ukurasa huu hadi Meksiko. Nchi hiyo ni ya mbali, lakini huko kazi ya kuwafundisha vijana wa sekondari ngoma za jadi haikuachiwa wapenda starehe, bali ilishikwa na dola yenyewe kwa mikono miwili. Askari na polisi wana sehemu yao katika kisa hicho, na si yote ya sifa.

Tuanze na polisi. Mwaka 1802, Meksiko ikiwa bado koloni la Hispania, mtawala aliyemwakilisha mfalme, Félix Berenguer de Marquina, alitoa amri ya kupiga marufuku ngoma iliyojulikana kwa jina la jarabe gatuno. Wakubwa wa wakati ule walisema kwamba wanaume na wanawake waliicheza kwa namna isiyo na haya, na kwamba maneno ya nyimbo zake yalikosa adabu. Amri ilitolewa, na walinzi wa usalama wa siku zile wakapewa kazi ya kuitekeleza. Nani miongoni mwa askari polisi asiyejua uzito wa kazi ya namna hiyo? Mwizi hukamatwa na pombe haramu humwagwa, lakini wimbo utautia pingu wapi? Miaka 8 baadaye, mwezi Septemba 1810, vita vya kupigania uhuru vilianza, na jarabe, ile ile iliyokuwa ikifukuzwa mitaani, ikawa alama ya mwananchi mbele ya Mhispania. Uhuru ulipopatikana mwaka 1821 ngoma ilikuwa hai, na waliokuwa wameipiga marufuku walikuwa wamekwisha kurejea kwao.

Lakini matajiri wa jijini hawakuiheshimu mara moja. Waliendelea kutazama Ulaya kwa karne nzima. Mwaka 1919 mcheza densi mashuhuri wa Urusi, Anna Pavlova, alipofika Jiji la Meksiko, alijifunza jarabe ya watu wa Guadalajara, iitwayo jarabe tapatío, akaicheza jukwaani juu ya ncha za vidole vya miguu, kwa mtindo wa kwao. Watu walimshangilia kupita kiasi. Ndivyo ulivyo udhaifu wa binadamu aliyetawaliwa: chakula cha mama yake hakioni utamu mpaka mgeni akionje na kukisifu.

Wakati huo nchi ilikuwa inatoka katika mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 na kuendelea kwa takriban miaka 10. Walikufa watu wengi mno. Majeshi yalikuwa mengi kuliko serikali, na mtu wa kaskazini hakumjua wa kusini isipokuwa kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1921 iliundwa Wizara ya Elimu ya Umma chini ya José Vasconcelos, na mwaka 1923 zikaanza safari za vikundi vya walimu vilivyoitwa Misheni za Utamaduni. Vikundi hivyo vilikwenda vijijini pamoja na mtaalamu wa kilimo, fundi wa kutengeneza sabuni au kutia ngozi dawa, mwalimu wa muziki na mwalimu wa mazoezi ya viungo. Huyu wa mazoezi ya viungo ndiye anayetuhusu. Alikwenda kufundisha, lakini pia aliamriwa kujifunza. Aliketi na wazee, akahesabu hatua zao, akachora duara na mistari ya wachezaji, akaandika mavazi yao, kama askari wa upelelezi anavyoandika mito, vilima na madaraja. Kisha aliyarudisha hayo chuoni, na walimu wapya wakayapeleka mashuleni. Kwa njia hiyo ngoma ya bonde moja ilifika katika bonde lisilowahi kuisikia. Ulipofunguliwa Uwanja wa Taifa jijini mwaka 1924, mamia ya vijana waliicheza jarabe tapatío kwa pamoja, wavulana kwa mavazi ya wapanda farasi na wasichana kwa sketi pana zilizotariziwa.

Jambo lililofanyika katika uwanja huo huo mwaka 1931 litawagusa zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Dada wawili waliozaliwa kaskazini, Nellie na Gloria Campobello, pamoja na wenzao, walitunga mchezo mkubwa wa ngoma wa kuadhimisha mapinduzi. Mchezo huo uliitwa 30-30, kwa jina la risasi za bunduki waliyoibeba wapiganaji wengi wa vita vile. Nellie alikuwa ameyaona mapigano akiwa mtoto; mwaka huo huo wa 1931 alichapisha kitabu kiitwacho Cartucho, yaani risasi, cha visa vifupi vya askari wa Pancho Villa aliowaona wakipita, wakicheka na wakifa mbele ya mlango wa mama yake. Kwa hiyo aliyewapanga wanafunzi uwanjani hakuwa mtu wa kubuni vita kutoka kitini. Yeye mwenyewe alitoka akiwa amevaa nyekundu, akawaamsha waliolala. Wanafunzi kwa mamia walicheza sehemu za wakulima, wafanyakazi na wapiganaji. Wako watakaosema kwamba hiyo ilikuwa propaganda ya serikali. Naam, kwa sehemu ilikuwa hivyo, na mimi ambaye kazi yangu ni uhusiano wa jeshi na umma sina uso wa kulikana neno hilo. Lakini propaganda iliyomfundisha mtoto wa miaka 14 kusimama wima na kumtazama mwenzake usoni haikuwa hasara tupu.

Sasa nije kwenye namna ya kufundisha, kwa sababu hapa ndipo mtu wa jeshi anapoweza kuhukumu kwa haki. Kijana anayeanza ngoma za Meksiko huanzishwa kama kuruta. Hafundishwi ngoma, hufundishwa mguu. Msingi wake ni zapateado, yaani kupiga sakafu kwa kiatu ili mguu wenyewe uwe chombo cha muziki. Yako mapigo ya wayo mzima, ya kisigino na ya ncha ya kiatu, na kila moja lina sauti yake. Mwanafunzi huanza na mapigo matatu, kulia-kushoto-kulia, kisha kushoto-kulia-kushoto, polepole, mpaka uzito wa mwili ujue wenyewe kuhama. Viatu vyao hugongelewa misumari midogo mingi kwenye kisigino na kwenye ncha, hivyo kosa la mtu mmoja husikika ukumbi mzima. Mvulana huweka mikono nyuma ya mgongo, kifua mbele, kichwa juu, na kiwiliwili hakitikisiki hata miguu ikienda mbio. Ukimtazama kuanzia kiunoni kwenda juu utadhani yuko mguu pande mbele ya mkaguzi.

Nilipokuwa shule ya kadeti, alikuwako sajini aliyetufundisha kwata kwa kijiti kimoja na kipande cha bati. Hakupaza sauti sana. Alipiga bati, nasi tulihama. Mmoja wetu alishindwa kabisa kuupata mguu wa kushoto, na sajini hakumwadhibu. Alimsimamisha karibu na bati afumbe macho asikilize. Siku ya tatu aliupata. Nimesoma namna walimu wa Meksiko wanavyomshughulikia mwanafunzi mwenye mguu mzito, nikamkumbuka sajini yule: kwanza sikio, kisha mkono upige makofi, mguu uje mwisho.

Mapigo ya muziki wao nayo ni magumu. Katika ngoma nyingi za Jalisco na Veracruz, mapigo sita huhesabiwa mara kwa mafungu mawili ya matatu, na mara kwa mafungu matatu ya mawili, na wakati mwingine gitaa linahesabu hivi ilhali fidla inahesabu vile. Kijana aliyezoea muziki wa redio hupotea. Wapiga ngoma wetu hawatahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Kwa upande wa wasichana iko kazi ya sketi. Sketi hizo ni pana kiasi kwamba msichana akiinua mikono yote miwili upindo hufika usawa wa mabega, nao huzungushwa mbele na nyuma kwa mwendo mmoja na muziki. Mwalimu huwapa sketi ya mazoezi, isiyo na mapambo, tena nzito. Anayedhani kwamba ni mchezo laini na ajaribu kushika bunduki kwa mikono iliyonyooshwa kwa dakika tano.

Hata hivyo iko tofauti kubwa kati ya ngoma hii na kwata, nami nisingependa ifichwe. Katika gwaride amri hutoka kwa mtu mmoja, na sifa ya kikosi ni kwamba wote wamekuwa mtu mmoja. Katika ngoma za Meksiko, hasa zile za jozi, hakuna anayepaza amri. Mfano mzuri ni La Bamba ya Veracruz. Utepe mrefu mwekundu hulazwa chini, na mvulana na msichana, huku wakiendelea kupiga zapateado, huusokota kwa miguu yao hadi ukawa fundo zuri la kipepeo, kisha wakauinua juu watu wauone. Hawashiki kwa mkono. Akiharakisha mmoja, fundo huharibika. Anayetaka kuonekana hodari kuliko mwenzake ndiye huwaaibisha wote wawili. Nimefikiri mara nyingi juu ya askari polisi wawili walioko doria ya usiku, na ni mara ngapi taarifa mbaya imetufikia kwa sababu mmoja hakumsikiliza mwenziwe.

Kila jimbo lina ngoma zake, na mwanafunzi hafundishwi za kwao pekee. Huko Michoacán, kandokando ya ziwa Pátzcuaro, Wapurépecha wana ngoma ya wazee, ambamo vijana huvaa vinyago vya vizee vyenye mashavu mekundu, hushika bakora, hujikunja mgongo na kukohoa, kisha ghafla viatu vyao vya mbao hulia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kaskazini, katika Nuevo León na Chihuahua, watu hucheza polka kwa kodiani, urithi wa wahamiaji waliotoka Ulaya ya kati, na hakuna aonaye haya kuiita ya Kimeksiko. Magharibi, huko Jalisco na Nayarit, iko ngoma ya mapanga, ambapo wavulana hupiga panga kwa panga, chini ya goti na nyuma ya mgongo, kwa kufuata muziki. Shuleni inafaa waanze na vijiti, nao hawastahili kukabidhiwa chuma mpaka hesabu iwe imeingia damuni. Hilo ni somo la usalama wa silaha ambalo ningependa baadhi ya makuruta wetu walione.

Ziko pia ngoma zinazotuiga sisi wenyewe, watu wa sare. Katika mji wa Huejotzingo, jimbo la Puebla, wakati wa kanivali wananchi hujigawa katika vikosi, wengine wakivaa kama Wazuavu wa jeshi la Ufaransa na wengine kama Wazacapoaxtla, wenyeji wa milimani waliopigana nao, kisha hufyatua bunduki za baruti mitaani kutwa nzima. Humo imo kumbukumbu ya tarehe 5 Mei 1862, siku Jenerali Ignacio Zaragoza alipowashinda Wafaransa huko Puebla. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka ngoma ya beni ya pwani na Tanganyika, yenye majemadari na makapteni wake, iliyochezwa na raia na askari wa King's African Rifles pia. Mkoloni hakujua acheke au aogope. Mtu akiiga gwaride lako, huenda anakusifu, huenda anakucheka. Aghalabu yote mawili.

Ngoma ipendwayo sana na wasichana wa sekondari ni ile ya mapinduzi, ya wanawake waitwao Adelita. Hutoka wakiwa na mikanda ya risasi imepita kifuani na bunduki ya mbao mkononi. Hapa nina lawama. Mara nyingi Adelita huonyeshwa kama mchumba mzuri wa askari, mwenye utepe katika nywele, naye hutabasamu mpaka mwisho. Historia ilikuwa vingine. Majeshi mengi ya vita vile hayakuwa na idara ya chakula wala ya matabibu inayostahili jina hilo. Wanawake ndio waliokuwa idara hiyo: walitembea pamoja na kikosi, au wakapanda juu ya mapaa ya mabehewa, wakibeba mawe ya kusagia mahindi, wakitafuta kuni, wakifunga majeraha, wakizika. Wengine walipigana wenyewe. Petra Herrera alijigeuza mwanamume kwa jina la Pedro ili apate kuhesabiwa mpiganaji. Afisa yeyote wa ugavi anajua maana ya kulisha watu 500 katika nchi kavu. Ningefurahi kuona ngoma ambayo jiwe la kusagia linawekwa jukwaani kabla ya bunduki.

Mwaka 1952 mwanamke mmoja, Amalia Hernández, alianzisha kundi la ngoma ambalo hatimaye liliitwa Ballet Folklórico de México, na kuanzia mwaka 1959 likawa linacheza katika ukumbi mkuu wa taifa, Palacio de Bellas Artes. Kundi hilo limezunguka dunia nzima. Aliichukua ngoma ya kijijini iliyochezwa saa sita usiku kucha, akaikata ikawa ya dakika sita, akaongeza rangi, akaongeza kasi, akapanga mistari. Tangu hapo mwalimu wa shule ana njia panda: afundishe kama wafanyavyo wazee wa kijijini, au kama ifanyavyo jukwaa? Kwa vijana wanaotaka kushangiliwa, jukwaa hushinda. Sidhani kwamba Bi Hernández, aliyefariki mwaka 2000, alikosea. Alifanya kazi ya jukwaa kwa uaminifu wa jukwaa. Kosa ni la mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba walichokiona jukwaani ndicho kijiji chenyewe.

Kosa hilo lina uzito mkubwa katika ngoma ya paa, nami naomba msomaji avumilie hapa kidogo, kwa sababu kisa hiki kinatuhusu sisi kuliko vyote nilivyotaja. Wayaqui ni watu wa jimbo la Sonora, kaskazini magharibi. Mchezaji wao hufunga kichwa cha paa juu ya kichwa chake, hushika vibuyu vya kutikisa mikononi, na miguuni huvaa njuga zilizotengenezwa kwa vifukofuko vya vipepeo. Karibu naye huwapo ngoma ya maji, nusu ya kibuyu kinachoelea ndani ya maji na kupigwa kwa kijiti, na waimbaji huimba kwa lugha yao. Hutazama huku na huku, hunusa, hushtuka, kama mnyama aliyesikia hatua ya mwindaji. Hiyo ni ibada. Kundi la Amalia Hernández liliiweka jukwaani na ikajulikana ulimwenguni. Mchezaji wa paa yumo hata katika nembo ya jimbo la Sonora.

Watu hao hao walipigwa vita na jeshi la Meksiko kwa miongo mingi, sababu kubwa ikiwa ardhi yao yenye rutuba kando ya mto. Chini ya utawala wa Porfirio Díaz, hasa katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, walikamatwa na kusafirishwa hadi Yucatán, upande wa pili wa nchi, kufanyishwa kazi katika mashamba ya katani. Mkonge wa Tanga una asili yake huko huko Yucatán. Miche yake ililetwa Tanganyika mwaka 1893 kwa kupitia Florida, na bandari iitwayo Sisal ndiyo iliyoupa mmea huo jina lake la Kizungu. Wayaqui wengi walikufa katika mashamba hayo. Wengine walikimbilia Arizona. Wako waliopigana kwa ushujaa katika mapinduzi wakitumaini kurudishiwa ardhi, na bado mwaka 1926 na 1927 jeshi liliwashambulia tena, safari hii kwa ndege, katika miaka ile ile ambayo serikali jijini ilikuwa inasifu ngoma za wenyeji wa asili. Ni mwaka 1937 tu ambapo Rais Lázaro Cárdenas alitoa amri ya kuwatambulia sehemu ya ardhi yao. Na ni tarehe 28 Septemba 2021 ambapo Rais Andrés Manuel López Obrador alikwenda Vícam, katika nchi ya Wayaqui, akaomba radhi kwa niaba ya dola.

Sisi maafisa wa uhusiano hupenda sana picha ya askari akicheza ngoma pamoja na wanakijiji. Nimepiga picha za namna hiyo mimi mwenyewe, na mhariri hakuzikataa hata mara moja. Picha hiyo si ya uwongo. Siku ile askari alicheza kweli, na kina mama walicheka kweli. Lakini tangu niyajue ya Wayaqui, huiangalia kwa macho mengine. Najiuliza kama mzee aliyesimama pembeni, asiyecheza, alikuwa na neno ambalo kamera yangu haikumwuliza. Waliohudumu katika sehemu mbalimbali za nchi yetu wananielewa. Mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa ngoma ya paa bila kuambiwa habari za Yucatán amefundishwa kuruka tu. Akiambiwa, ataicheza polepole zaidi, au labda atauliza kama anayo ruhusa ya kuicheza, na swali hilo ni zuri kuliko ngoma.

Iko sehemu nyingine ya Wameksiko ambayo kwayo ngoma shuleni si pambo hata kidogo: wale walioko Marekani. Baada ya vita na mkataba wa mwaka 1848, karibu nusu ya nchi ya Meksiko iliingia Marekani, na watu walioishi humo walijikuta wageni bila kuhama. Wengine walifuata baadaye kutafuta kazi. Katika Texas, watoto waliadhibiwa shuleni kwa kusema Kihispania, na mambo hayo yaliendelea hadi miaka ya 1960. Wazee wetu waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama hawahitaji kutafsiriwa jambo hilo. Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani wakidai, pamoja na mengine, wafundishwe historia yao. Polisi walitumwa, na wako waliopigwa. Katika miaka iliyofuata vikundi vya ngoma vilichipuka katika shule na vyuo vya California, Texas na Arizona. Kikundi cha Los Lupeños cha San José kilianzishwa mwaka 1969, na tamasha la Danzantes Unidos lilianza mwaka 1979. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Watoto hawa walikuwa wanacheza ili wajue kwao ni wapi. Msichana aliyezaliwa Dallas, asiyeweza kuzungumza na bibi yake kwa Kihispania sawasawa, huijua Jalisco kwa visigino.

Nadhani hapo ndipo watoto wa askari wanapofanana nao. Mtoto wa kambini huzaliwa kituo kimoja, huanza shule kituo cha pili, na kufanya mtihani wa taifa akiwa cha tatu. Baba yake ni wa Acholi na amehudumu Karamoja, mama yake ni wa Busoga, jirani wanatoka Ankole. Atajua nyimbo za mchakamchaka zote, lakini ukimwomba akuchezee Bwola au Ekitaguriro atakutazama kama ulivyomwomba aseme Kichina. Mashindano ya muziki na ngoma ya shule tunayo, na watoto hushindania vikombe kwa bidii. Tatizo ni kwamba ngoma huingia katika ratiba wiki chache kabla ya shindano, mwalimu hukodishwa, kikombe hupatikana au hukosekana, na mavazi hufungwa sandukuni hadi mwaka ujao. Meksiko, ngoma ni mojawapo ya sanaa ambazo mtoto wa sekondari anaweza kufundishwa katika saa za kawaida za masomo, na matunda yake huonekana katika sherehe za shule, kama vile siku ya mama tarehe 10 Mei na siku ya mapinduzi tarehe 20 Novemba.

Sipendekezi kwamba watoto wetu waache Kadodi wacheze jarabe. Hata hivyo sioni ubaya kama mwalimu mwenye uwezo atawafundisha La Bamba muhula mmoja, maana ni somo zuri la kusikilizana. Ninachokiomba ni kidogo tena hakina gharama ya kutisha. Mkuu wa kambi yenye shule ya sekondari jirani na amruhusu koplo mmoja wa bendi, anayejua ngoma za kwao vizuri, aende shuleni mara moja kwa wiki akiwa na ngoma yake, na aende na mzee au mama mmoja wa kabila lenye ngoma hiyo, atakayeeleza ilichezwa lini na kwa nini. Muhula unaofuata aende mwingine, wa upande mwingine wa nchi. Bwalo katika kambi nyingi hukaa tupu Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Sakafu yake ni ya saruji, na saruji huumiza magoti ya watoto. Lakini maseremala wa kikosi wanaweza kugonga jukwaa la mbao, mita nne kwa mita tatu, kutokana na masanduku yaliyorundikwa nyuma ya ghala.